Mlezi wa mwalimu mpya si mkaguzi wake

Ajira za walimu zikitangazwa, watu huzungumzia idadi: nafasi ngapi, masomo gani, halmashauri zipi. Majina yakishatoka, habari inaisha. Wiki chache baadaye mwalimu anashuka stendi ya Kasulu au ya Urambo akiwa na begi, barua ya kupangiwa kituo na namba ya simu ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Anaripoti halmashauri, anaelekezwa shuleni, anasaini kitabu cha mahudhurio, na kesho yake anaingia darasani. Mara nyingi anakabidhiwa vipindi ambavyo wenyeji wamevikwepa: Darasa la Kwanza lenye watoto zaidi ya mia, au Hisabati ya Kidato cha Pili ambayo haijapata mwalimu tangu mwaka uanze.

Atakuwa mwalimu wa namna gani miaka mitano ijayo? Kwa kiasi kikubwa hilo huamuliwa na mtu atakayemshika mkono mwaka huu wa kwanza. Shule nyingi huku kwetu Kigoma na Tabora humteua mtu huyo kwa mdomo, ofisini, kwa dakika moja: "Utakuwa na mwalimu fulani, atakuelekeza." Baada ya hapo hakuna anayeuliza ameelekezwa nini. Nadhani sababu ni kwamba kazi ya ulezi imechanganywa na kazi nyingine mbili kiasi kwamba haionekani tena, na kazi isiyoonekana hakuna anayeiandalia muda wala mtu.

Anayeripoti ni nani

Tuanze kwa kuondoa picha ya kijana wa miaka 22 aliyetoka chuoni juzi. Wapo, lakini wengi wanaoripoti siku hizi walimaliza zamani. Usaili wa walimu ulipoanza Januari 2025, miongoni mwa walioitwa walikuwemo wahitimu wa mwaka 2015. Katikati ya miaka hiyo mtu ameishi maisha yake. Ameendesha bodaboda, ameuza mitumba, amejitolea kwenye shule kwa posho ya sabuni, ana watoto. BTP yake, yale mazoezi ya kufundisha ya wiki chache, ameshayasahau, na anaona aibu kusema kwamba ameyasahau.

Zaidi ya hapo, mtaala aliousomea sio anaoukuta. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilikuja na mitaala iliyoboreshwa, na utekelezaji ukaanza Januari 2024. Kuna jambo hapa ambalo sisi walimu wakongwe hatulisemi vya kutosha: kwenye mtaala mpya, mkongwe naye ni mgeni. Zipo mada ambazo mwalimu mwenye miaka 20 kazini anazifundisha kwa mara ya kwanza sawasawa na aliyeripoti jana. Mlezi mkweli hukaa na mwenzake wakafungua muhtasari wa somo, wakabishana kuhusu umahiri mahususi ulioandikwa pale unamtaka mtoto afanye nini. Anayejifanya anajua yote humpa maandalio yake ya masomo ya miaka ya nyuma anakili.

Kazi tatu, mtu mmoja

Kazi ya kwanza inayochanganywa na ulezi ni uenyeji. Fedha za kujikimu zimechelewa, mshahara wa kwanza haujasoma, nyumba ya mwalimu ina mlango usiofungika. Kwenye vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Kigoma, kama Kalya, uenyeji ni pamoja na kumweleza mgeni boti huondoka saa ngapi na ziwa likichafuka afanye nini. Kaliua na Sikonge ni kumwambia njia ipi haipitiki masika. Kwa mtu aliyetoka Kilimanjaro au Dar es Salaam haya si mambo madogo, na asiyejua atalala wapi hawezi kuwaza andalio la somo. Lakini kazi hii inaweza kufanywa na yeyote mwenye moyo: jirani, mwenyekiti wa kitongoji, mke wa mwalimu mwenzake. Haihitaji ujuzi wa kufundisha. Shule inayodhani imempa mwalimu mpya mlezi kwa sababu imempa mtu wa kumtafutia chumba, imempa mwenyeji tu.

Kazi ya pili ni usimamizi. Mwalimu Mkuu, mtaaluma (mwalimu anayesimamia taaluma shuleni), Afisa Elimu Kata na Mthibiti Ubora wa Shule wanatakiwa kuangalia kama azimio la kazi lipo, kama andalio linalingana na kinachofundishwa, kama mwalimu anaingia kipindi kwa wakati. Wanaandika taarifa. Mwalimu mpya yuko kwenye kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini, na juu yake ipo Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, yenye mamlaka juu ya mambo kama usajili, vyeo na nidhamu yake. Taarifa za wasimamizi zina uzito kwenye maisha yake, na ni haki ziwe nao. Wananchi wanalipa, lazima pawe na mtu wa kuangalia kinacholipiwa.

Ya tatu ndiyo ulezi wenyewe: kumsaidia mtu ajifunze kufundisha kupitia vipindi vyake mwenyewe, wiki hadi wiki, mpaka aweze kuona bila kuambiwa kilichotokea darasani na kwa nini kimetokea. Katika kazi hii hakuna alama wala taarifa.

Mkanganyiko huanza kazi ya pili inapoimeza ya tatu. Kwenye shule ya kijijini yenye walimu saba, anayepewa mwalimu mpya kwa kawaida ni mtaaluma. Mtaaluma huyohuyo ndiye anayekagua maandalio, na ndiye atakayeulizwa na Mwalimu Mkuu, "Yule mgeni anaendeleaje?" Mwalimu mpya anaona hayo yote, na anajifunza haraka kuonyesha kizuri tu. Akiambiwa mlezi ataingia darasani kesho, anarudia somo ambalo watoto wameshalielewa. Anawaita mbele wale watatu wanaojua. Anabandika manila ubaoni. Kipindi kinapita vizuri, mlezi anasaini, na hakuna aliyejifunza kitu.

Hili halipo kwetu tu. Mwaka 2013 watafiti Andrew Hobson na Angi Malderez walieleza jambo hilohilo nchini Uingereza: walezi waliogeuka mahakimu, wakawa wepesi wa kutoa hukumu juu ya somo kabla hawajamsaidia mwalimu kulitafakari. Ukimpa mtu hakimu ukamwita mlezi, atajitetea. Anayejitetea hana nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo ningeulizwa kipimo kimoja tu cha mlezi mzuri, ningeuliza hivi: mwalimu mpya anaweza kumpelekea somo lililoharibika? Kipindi kile ambacho watoto walipiga kelele dakika arobaini, au zoezi ambalo darasa zima limekosa, au swali la mwanafunzi lililomshinda kujibu. Kama anaweza, mengine yote yanawezekana. Kama hawezi, hata mlezi awe na shahada tatu, mwalimu mpya yuko peke yake.

Madaftari matano

Mfano utasaidia. Darasa la Tatu, Hisabati, kutoa kwa kukopa. Mwalimu mpya amefundisha siku mbili, ametoa zoezi, na zaidi ya nusu ya darasa limekosa. Swali mojawapo lilikuwa 502 kutoa 178. Jibu ni 324. Madaftari mengi yana 476.

Anamwendea mlezi wake. "Shikamoo, mwalimu. Hawa watoto hawaelewi kabisa. Nimerudia, nimerudia tena."

Yupo mlezi atakayemwambia arudie taratibu zaidi na awe mkali kidogo. Yupo mwingine atakayesema "niachie," ataingia yeye kesho, watoto watapata, na mwalimu mpya atatoka akiamini kwamba mwenzake ana kipaji na yeye hana. Wote wawili wana nia njema kabisa.

Mlezi mzuri anasema, "Marahaba, mdogo wangu. Hebu lete madaftari matano." Wanakaa kwenye kivuli. Haulizi ametumia zana gani, haombi andalio. Anaweka kidole kwenye 476. "Unadhani huyu alifanya nini?"

"Amebahatisha tu."

Mlezi hasemi kitu. Anafungua daftari la pili: 476. La tatu: 476. Watoto watatu waliokaa madawati tofauti hawawezi kubahatisha jibu moja. Sasa mwalimu mpya anainama na kusoma kuanzia kulia. Nane na mbili, mtoto kaandika 6. Saba na sifuri, kaandika 7. Moja na tano, kaandika 4. Anakaa kidogo, kisha anasema, "Anatoa ndogo kwenye kubwa. Kila mahali. Haangalii ipi iko juu."

"Sasa kwa nini afanye hivyo?"

Swali hilo la mwisho ndilo kazi yenyewe. Pengine mwaka jana mtoto aliambiwa kwamba nane haitoki kwenye mbili, akaishika kama sheria ya kudumu, kwa hiyo akikuta mbili juu na nane chini anazigeuza. Pengine sifuri ya katikati imemtatiza: ameambiwa akope kwa makumi, amekwenda, amekuta hakuna kitu, naye hajui kwamba inabidi apande hadi mamia, avunje mia moja iwe makumi kumi, ndipo ashuke tena. Pengine hajui kabisa kwamba ile 5 ni mia tano. Kwake ni tano tu iliyokaa kushoto. Kila sababu ina dawa yake. Hii ya tatu inataka vijiti vilivyofungwa mafungu ya kumikumi, na mafungu kumi yakafungwa pamoja kuwa mia, mtoto afungue kamba kwa mikono yake mwenyewe na kuhesabu kinachotoka. Kurudia kanuni ubaoni kwa sauti kubwa hakutibu hata sababu moja kati ya hizo.

Mlezi anaweza kuwa ameijua sababu tangu alipoona 476 ya kwanza. Kosa hili ni la kawaida sana, na aliyefundisha Hisabati miaka kadhaa ameliona mara nyingi. Angeweza kulitaja kwa sentensi moja na kwenda zake. Lakini akilitaja, mwalimu mpya amepata jibu la 502 kutoa 178 tu. Akimwacha alitafute, amepata namna ya kusoma daftari, na hiyo ataitumia kwenye hesabu za sehemu, kwenye imla, kwenye insha.

Mwalimu mpya kwa kawaida hujitazama mwenyewe. Sauti yangu inasikika? Nimemaliza andalio? Mwandiko wangu ubaoni uko sawa? Ni hali ya kibinadamu, mtu anaogopa. Kazi kubwa ya mlezi ni kuyahamisha macho yake yatoke kwake yaende kwa mtoto: mtoto ameandika nini, amesema nini, amenyamaza wapi. Kwa maoni yangu ushauri wowote usiolenga huko, hata uwe mzuri kiasi gani, ni wa pembeni.

Kuna jambo jingine kwenye mazungumzo yale ambalo ni rahisi kulipita. Kesho yake asubuhi, ofisi ya walimu haikujua kwamba zaidi ya nusu ya darasa lilikosa. Mlezi hakulisema wakati wa chai. Siri hiyo ndogo ndiyo iliyomleta mwalimu mpya tena wiki iliyofuata.

Bingwa na mlezi

Wakuu wengi huteua mlezi kwa kuangalia nani anafaulisha. Inaeleweka, ila haitoshi. Mtu anaweza kufundisha vizuri sana na asiweze kueleza anachokifanya, kwa sababu miaka imekigeuza kuwa mazoea. Muulize kwa nini alimwita mwanafunzi wa nyuma na si wa mbele, atakujibu, "Nimemwita tu."

Dan Lortie, mwanasosholojia wa Marekani, aliandika mwaka 1975 jambo ambalo kila mwalimu anaweza kulithibitisha kwake mwenyewe: tunaingia kwenye ualimu tukiwa tumeshawatazama walimu kwa maelfu ya saa, tangu tukiwa wanafunzi. Tatizo ni kwamba tuliona matendo tu. Tulimwona mwalimu akiuliza swali. Hatukuona kwa nini alilichagua hilo. Tulimwona akisimamisha somo. Hatukujua alikuwa ameona nini. Ndiyo maana aliyefundishwa kwa kunakili ubaoni, akibanwa darasani, hurudi kwenye kunakilisha ubaoni, hata kama chuoni aliandika insha ndefu kuhusu ufundishaji shirikishi.

Kwa hiyo mlezi anatakiwa afungue mlango wa darasa lake mwenyewe kwanza, kabla hajaomba kuingia kwa mwenzake. Mwalimu mpya akae dawati la nyuma. Baada ya kipindi mlezi aseme kwa sauti mawazo yaliyokuwa yanapita kichwani mwake: "Pale nilipanga kuwaweka kwenye makundi, nikaona bado hawajaelewa swali, nikaacha. Pale mwishoni nilimaliza haraka, sikujua kama wameelewa, nitaanzia hapo kesho." Mwalimu mpya akisikia kwamba hata mkongwe hubadili mpango katikati ya kipindi na hutoka na mashaka, anapata ruhusa ya kuwa na mashaka yake.

Na kuna mambo ambayo mwalimu mpya atayajifunza ofisini upende usipende, kwa sababu ndiyo anayoyaona. Fimbo ni mfano mkubwa. Anakuta kila mwalimu anayo, anaona watoto wanachapwa kwa kuchelewa, kwa kukosa hesabu, kwa kuongea Kiha. Kabla mwezi haujaisha naye ana fimbo yake. Lakini kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kwenye kitabu chake. Kumchapa mtoto kwa kukosa 502 kutoa 178 ni kumwadhibu kwa jambo ambalo hatujajua ni kosa la nani. Mlezi anayelinyamazia hili amemwangusha mwalimu mpya mara mbili: amemwacha kwenye hatari ya kisheria, na amemwacha bila njia nyingine ya kulituliza darasa. Njia hizo zipo na zinafundishika. Kuwapokea watoto mlangoni kwa majina. Kuwa na kazi ubaoni wanapoingia ili wasikae bure. Kujua wale wawili wanaowachochea wenzao na kuwapa majukumu. Kushusha sauti badala ya kupandisha. Haya hayaandikwi kwenye andalio, kwa hiyo bila mlezi hakuna mahali pengine pa kuyapata.

Mlezi mzuri pia anamjulisha mwenzake mahali. Sehemu kubwa ya Buhigwe na Kakonko mtoto huja Darasa la Kwanza akiwa na Kiha. Nzega na Igunga huja na Kisukuma au Kinyamwezi. Kiswahili anakutana nacho shuleni, na hapohapo anatakiwa akitumie kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Kigoma na Tabora pamoja na mikoa mingine kuanzia 2014, uliweka mpango wa utayari wa shule kwa watoto wa namna hii. Mwalimu aliyetoka mbali anaweza kuona mtoto mkimya na akaandika moyoni kwamba ni mzito wa kuelewa. Mlezi mwenyeji anamwambia, "Huyo si mzito. Mwulize tena kwa kumwonyesha kitu." Vivyo hivyo kwenye maeneo ya tumbaku: mahudhurio yakishuka wakati wa kuvuna na kukausha, mgeni huona uvivu. Mwenyeji anajua nyumba ipi ya kutembelea na aseme nini akifika, ili mtoto arudi darasani na mzazi asijione ametukanwa.

Mambo yanayokwamisha

La kwanza ni somo. Kwenye sekondari ya kata mwalimu mpya wa Fizikia huenda ndiye mwalimu pekee wa Fizikia. Mlezi wake anafundisha Historia. Anaweza kumsaidia kwenye nidhamu ya darasa, kwenye maswali, kwenye kusoma kazi za wanafunzi. Hawezi kumsaidia mahali ambapo wanafunzi hukwama kwenye mkondo wa umeme. Hapo inafaa kuwa na walezi wawili, mmoja wa shuleni na mwingine wa somo kutoka shule jirani. Utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umeweka jumuiya za ujifunzaji shuleni na kuvitumia Vituo vya Walimu kukutanisha shule za karibu. Palipo na mtandao, walimu wa somo moja wanasaidiana kwa simu na kwa vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Picha ya ukurasa mmoja wa daftari, iliyotumwa jioni kwa mwalimu mwenzako wa Urambo, inaweza kuzaa mazungumzo kama yale ya 476. Lakini jumuiya ya ujifunzaji inayokutana ili ipige picha ya kutuma kwenye taarifa haimsaidii mtu yeyote, na sote tumeziona.

La pili ni muda, na hili ndilo linalonisikitisha zaidi kwa sababu liko mikononi mwa shule. Uingereza, tangu Septemba 2021, mwalimu mpya ana miaka miwili ya kulelewa. Mwaka wa kwanza anapunguziwa asilimia 10 ya vipindi, wa pili asilimia 5. Sisi hufanya kinyume: mgeni ndiye anayejaziwa. Sidai kwamba shule ya Uvinza yenye upungufu wa walimu inaweza kuiga viwango hivyo. Inaweza kufanya jambo dogo zaidi: anayepanga ratiba ahakikishe mlezi na mwalimu mpya wana kipindi kimoja cha wiki ambacho wote wawili hawafundishi, na kipindi hicho kisiguswe na zamu, mitihani wala kikao. Kipindi kimoja kinatosha kwa madaftari matano.

La tatu halizungumzwi sana. Mwalimu mpya wa kike, mbali na kwao, hana anayemjua, anawekwa chini ya mwanaume mkubwa kiumri na kicheo. Wanaume wengi watamheshimu. Wapo wasiomheshimu, na yeye hatakuwa na mahali pa kusema, kwa sababu anayemdhuru ndiye anayemsemea kwa wakubwa. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mwalimu Mkuu asingoje kosa litokee. Akiwa na mwalimu wa kike anayeweza ulezi, amteue huyo. Kama hana, vikao vifanyike shuleni, mahali pa wazi, saa za kazi, na pawe na mwanamke mmoja, hata wa shule jirani, ambaye mwalimu mpya amepewa namba yake tangu siku ya kwanza.

Kwamba ulezi unafaa, ushahidi upo. Mwaka 2011 Richard Ingersoll na Michael Strong walikusanya tafiti 15 kuhusu kuwasaidia walimu wapya, na kwa sehemu kubwa zilionyesha manufaa: walimu walibaki kazini zaidi, walifundisha vizuri zaidi, na wanafunzi wao walifanya vizuri zaidi. Lakini manufaa hayo yanategemea ulezi wa kweli, wenye mikutano na wenye madaftari, kuliko jina lililoandikwa kwenye orodha ya majukumu.

Tabora ina historia yake katika hili. Julius Nyerere alipotoka Makerere mwaka 1945 alikwenda kufundisha shule ya St. Mary's hapa Tabora, iliyokuwa ikiongozwa na Padri Richard Walsh. Padri huyo alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kupata njia ya kwenda kusoma Edinburgh mwaka 1949. Shule ilimpoteza mwalimu wake mzuri. Nalitaja kwa sababu walezi wengine hupenda kumfanya mwalimu mpya wa kwao: abebe vipindi vyao, asahihishe mitihani yao, asiende kusoma mpaka "akomae". Mlezi mzuri hufurahi mwenzake anapoanza kufundisha kwa namna isiyofanana na yake, na hufurahi hata anapoondoka.

Kazi hii kwa kawaida haina posho. Anayeifanya vizuri hutumia jioni zake, na mwisho wa mwaka hakuna mahali ilipoandikwa. Majukumu ya watumishi sasa huingizwa kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, mtumishi akiyapanga na kukubaliana na msimamizi wake. Hakuna sababu ulezi wa mwalimu mpya usiwe mojawapo, ukaandikwa na kupewa muda kama vipindi vinavyoandikwa. Kinachopimwa kiwe kazi ya mlezi: wamekutana mara ngapi, amefungua darasa lake mara ngapi. Walichozungumza kibaki chao.

Na baada ya mwezi mmoja au miwili Mwalimu Mkuu amwite mwalimu mpya peke yake, amuulize kama anapenda kuendelea na mlezi huyo au abadilishiwe. Wakati mwingine watu wawili wazuri hawapatani, basi. Jina libadilishwe bila kikao, bila barua, bila mtu kuulizwa sababu, na Jumatatu inayofuata mwalimu mpya awe na mtu mwingine wa kumpelekea madaftari yake.